Siku Meseji ya Auntie Tabitha Ilikataa Kunyamaza

Kuna watu pale Salgaa mpaka wa leo wakiniona wanatoa simu mfukoni, wanaiangalia, wanairudisha, halafu wanacheka peke yao, na mimi najifanya sioni, naangalia malori yakipita kama mtu ameitwa kazi ya kukagua magurudumu. Aibu ni yangu, siikatai. Lakini afadhali niwaambie mwenyewe vile ilienda kuliko msikie kwa yule fundi wa baiskeli, juu huyo anaongeza chumvi mpaka chakula hailiki (anasema ati pasta alizimia, wacheni, hakuna pasta alizimia, alikaa chini tu kidogo).

Mimi shule niliishia darasa la nane. Nikaingia Nakuru mjini, nikapata kazi kwa cyber ya mzee mmoja Singasinga, Mzee Jaswant, mwenye kilemba ya bluu na roho safi, amezaliwa hapo hapo Nakuru na Kiswahili yake inashinda yangu mbali. Aliniandika nifagie na kuambia wateja dakika zao zimeisha. Sasa ukikaa karibu na kompyuta mchana kutwa, na hakuna mtu anakuuliza certificate, unajifunza tu. Mwanafunzi mmoja wa chuo aliacha fotokopi ya kitabu ya kutengeneza website, hakurudi kuichukua, nikaisoma mpaka karatasi ikawa laini kama chapati ya jana. Si muda nilikuwa naandika programu zangu. Ndogo, lakini zinatembea.

Ile ya kunivimbisha kichwa ilikuwa ya meseji. Mnakumbuka hiyo miaka, meseji ilikuwa inakula credo, ile pesa ya simu, na credo haikuwangi. Sasa kulikuwa na website moja ya ng'ambo, sijui hata ni nchi gani, unaingia, unaandika namba ya mtu na maneno, unabonyeza, inafika kwa simu yake bure kabisa. Mimi na umbea wangu nikafungua yale maandishi ya ndani ya hiyo page, yale mtu wa kawaida haangaliangi, nikaona mlango wenye meseji zinapitia. Mlango uko tu hapo, hauna soja, hauulizi wewe ni nani. Nikaandika programu yangu ikawa inapitia hapo moja kwa moja: naipea namba zote, inatuma moja moja, na kila ikituma kompyuta ya huko inajibu neno moja, OK. Programu ikisikia OK, inafuta hiyo namba. Isiposikia OK, inasema hii haijafika, inaiacha kwa foleni, na foleni ikiisha inaanza tena na wale wamebaki. Inazunguka hivyo mpaka kila mtu apate OK yake. (Hapo niliona nimekuwa profesa. Hapo ndipo nilijizika.)

Mzee Jaswant aliiona akauliza, "Tito, hii kitu unatumia ni ya nani?"

"Ya watu, mzee."

"Watu gani?"

"Wa huko."

"Wanajua uko ndani ya nyumba yao?"

"Hapana, lakini mlango iko wazi."

"Na siku wakihamisha mlango, nani atakuambia?"

Nikamwambia, "Mzee, watu hawabadilishangi kitu inafanya kazi." Nilisema hivyo nikiwa nimeegemea ukuta, mikono kifuani. Nikijiona sasa hivi ningejichapa kofi.

Sasa mkuje kwa Auntie Tabitha. Huyu ndiye alinilea baada ya mama kufa. Ana hoteli hapo Salgaa kando ya barabara, chai, chapati, matumbo, na madereva wa trela wanamjua hadi mpaka wa Uganda. Bwanake alikufa kitambo na yeye alikuwa amesema hiyo mambo ya wanaume amefunga faili. Halafu akatokea Musa. Dereva, mtu mkimya, akimaliza kula anabeba sahani yake anaenda nyuma anaiosha. Niambieni, mmewahi ona dereva wa trela akiosha sahani? Auntie alimwambia, "Wewe wacha hiyo, nina mtu wa kuosha," Musa akasema, "Najua," akaendelea kuosha. Ikaanzia hapo.

Shida ni kwamba Musa alikuwa wa kabila lingine, na huo ulikuwa ule mwaka wa fujo ya baada ya uchaguzi, kwa hivyo hiyo haikuwa kitu ndogo. Dadake Auntie mkubwa, Auntie Rebeka, anaishi juu Keringet. Nyumba yake ilichomwa Januari, akalala kwa darasa la shule na wajukuu, akarudi akaanza kujenga na mabati zilizobaki. Alipoambiwa Tabitha anaolewa na mtu wa kabila ya wale walichoma, alisema kwa simu maneno machache: "Ukiolewa na huyo, mimi usinihesabu." Akakata. Hakuna mtu alimlaumu, hata Musa. Lakini hao dada wawili walilala kitanda moja wakiwa wadogo, na mimi nilikuwa namuona Auntie, wateja wakitoka, anatoa simu anatafuta hiyo jina, anaiangalia, anarudisha simu kwa aproni.

Harusi ikapangwa. Kadi ni bei, nikamwambia wachana na kadi, mimi nitaalika watu na kompyuta, bure, na itaonekana imetoka kwa namba yako. (Hiyo website ilikuwa inakuacha uandike namba yoyote ya mwenye kutuma. Hiyo peke yake ingenishtua. Haikunishtua.) Tukaandika pamoja: "Tabitha na Musa wanakualika kwa harusi yao, Jumamosi ijayo, kanisani Salgaa. Usikose. Ukikuja, flash." Kuflash mnajua, unapiga inalia mara moja unakata, hakuna mtu anakatwa pesa na ujumbe umefika. Auntie angejua watu ni wangapi apime mchele. Akanipa simu yake nichukue namba zote.

Nikifika kwa jina ya Rebeka akasema, "Huyo mruke."

"Kwa nini, Auntie?"

"Asinikatalie mara ya pili."

Nikasema sawa. Halafu nikaenda Nakuru nikaiweka, ya mwisho kabisa. Nilijiambia akikataa, atakataa kwa meseji ya kompyuta, haitauma sana. Hivyo ndivyo mtu wa darasa la nane anafikiria, na hata wa chuo, nimewaona.

Hapo ningetuma tu Jumamosi jioni, meseji zifike, mambo yaishe. Lakini nilitaka sifa. Jumapili pasta angesoma tangazo la ndoa mara ya mwisho, na mimi nikaona, si itakuwa moto simu za kanisa nzima zikilia pamoja saa ile tu amemaliza kusoma! Nikaambia programu ianze yenyewe Jumapili kabla ya saa sita, kompyuta ikabaki imewaka, Mzee Jaswant akafunga na ufunguo yake kama kawaida, nikaenda Salgaa nikipiga mluzi. Kuijaribu kwanza? Nilikuwa nimeijaribu mwezi uliopita. Ilikuwa inafanya.

Jumapili. Kanisa yetu ni ya mabati, imejaa, Auntie amevaa ile nguo yake ya maua, Musa ameketi upande wa wanaume amenyoa mpaka anang'aa. Pasta akasoma majina. Halafu akasema yale maneno yao, "Kama kuna mtu yeyote ana sababu ya kuzuia ndoa hii, aseme sasa." Kimya. Mnajua ile kimya ya hapo, hata watoto wanaacha kulia.

Simu zote zikalia.

Nikainua kichwa nione furaha. Sikuona furaha. Niliona watu wameganda. Nilikuwa nimesahau kitu moja, ama sikuwa nimewahi kuifikiria: hiyo mwaka, wakati wa fujo, meseji ndizo zilikuwa zinaleta habari mbaya, hama usiku huu, wanakuja, fulani amepatikana. Sasa simu za watu wote zinalia pamoja, kila mtu anaangalia mwenzake, hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kusoma. Mama Purity, aliyekuwa mbele yangu, alivuta mtoto wake akamficha kwa leso.

Halafu mzee mmoja nyuma akasoma kwa sauti, pole pole, "Tabitha... na Musa... wanakualika..." na kanisa yote ikapumua, ikapasuka kucheka, na pasta akasema, "Haleluya, hata kompyuta zimekubali hii ndoa!" Watu wakaanza kuflash hapo hapo, simu ya Auntie ikawa inaimba kwa kibeti, yeye amefunika uso anacheka na machozi, na mimi, si nikasimama nikainama kidogo kama mwanamuziki. Nilipigiwa makofi. Nilikula hayo makofi kama pilau.

Nikiketi, simu zikalia tena.

Watu wakaangalia. Meseji ni ile ile. Wakacheka tena, kidogo. Pasta akafungua Biblia, akatafuta mstari, akaupata, akafungua mdomo, zikalia tena. Yake ilikuwa juu ya ile meza ya mahubiri kwa vibration, ikatembea yenyewe mpaka ukingoni ikaanguka. Sasa hakuna mtu anacheka vile ya kwanza. Wanacheka ile ingine.

"Huyu mama ana haraka ya bwana," mwanamke mmoja akasema, si kwa sauti, lakini kanisa ya mabati haina siri.

"Anaogopa atatoroka na trela!"

"Tabitha, tumesikia! Tutakuja! Wachana na sisi!"

Zikalia tena. Wengine walikuwa wanazima simu, wengine hawajui kuzima, wanazifunika na mapaja. Mama Purity akageuka akaniambia, hakukasirika, ndio iliniuma, "Tito, tafadhali zima hiyo kitu. Hiyo sauti inanirudisha Januari." Akabeba mtoto akatoka nje. Pasta akaketi. Na Auntie akasimama na nguo yake ya maua, akapita katikati ya watu akiwa ameinua kichwa, akatoka.

Nilimpata ameketi kwa jiwe nje ya kanisa, simu inalia kwa mkono, watu wanaflash, watu wanapiga kweli kweli kumuuliza kama ni mzima.

"Zima, Tito."

"Auntie, siwezi nikiwa hapa. Iko Nakuru. Imefungiwa ndani."

Akaniuliza ile swali nilikuwa naomba asiulize. "Rebeka ulimruka?"

Nikaangalia viatu vyangu.

"Tito."

"Nilimweka, Auntie."

Nilidhani atanipiga. Hata ningefurahi anipige. Alisema tu, "Basi zote zinamfikia. Amechomewa nyumba, sasa mimi namkejeli na simu, tena na tena. Huyo hataongea na mimi mpaka nizikwe." Na akaanza kulia ile kulia ya mtu mzima, bila sauti, mabega tu.

Musa alikuwa amesimama nyuma yetu. Akasema, "Kijana, panda lori."

Ilikuwa kichwa tu ya trela, haina mzigo, tukashika barabara ya Nakuru. Tulimpigia Mzee Jaswant, simu inalia hashiki, na Jumapili najua yuko hekaluni kwao. Njia nzima Musa aliangalia barabara tu. Simu yangu, juu nilikuwa nimejialika pia, kila saa inanialika tena. Tukifika mahali unaona ziwa kwa mbali nikashindwa kuvumilia, nikamuuliza, "Uncle, bado utamuoa?"

Akanitazama. "Kwani nani ameghairi?"

"Watu wanasema ana haraka."

"Hata mimi niko na haraka." Akabadilisha gia. "Hiyo ya dadake ndiyo inanisumbua. Mimi siwezi enda Keringet kumwambia pole. Uso wangu tu utamtonesha. Nilikuwa naomba aje mwenyewe, siku moja, na miguu yake."



Hekaluni kwao hauwezi kuingia ukikimbia. Unavua viatu, unaosha mikono, unafunika kichwa, nikafungwa kitambaa ya machungwa, na Musa akafungwa ya kwake, tukaingia kama ndugu wawili wamepotea. Mzee Jaswant tukampata anagawa chakula, ndoo ya dengu mkononi. Nikaanza, "Mzee, ufunguo, kompyuta, kanisa..." na nyanya mmoja akanivuta shati, akanikalisha chini, akaniwekea chapati. Nikasema hapana, tuna haraka. Akaongeza ya pili. Nikamuangalia Musa, Musa ameshaketi anakula, na akimaliza, kweli kabisa, akauliza sahani zinaoshwa wapi.

Mzee Jaswant alichukua koti yake mlangoni, akatoa simu, akaisoma, akasoma, akasoma. "Tito," akasema, "mimi nilikubali kutoka ile ya kwanza."

Tukafungua cyber. Kompyuta ilikuwa hapo inafanya kazi kwa bidii, mtumishi mwaminifu, inazunguka foleni. Nikaangalia yale majibu inapata kutoka ng'ambo. Hayakuwa OK tena. Wale watu, hiyo wiki, walikuwa wameamua kuwa na adabu, wakabadilisha, sasa inajibu sentensi ndefu ya Kiingereza, asante, ujumbe wako umepokelewa. Meseji zilikuwa zinafika zote tangu mwanzo. Programu yangu ndiyo ilikuwa imefundishwa neno moja, na hilo neno halikuja, kwa hivyo ikatuma tena, na tena.

Mzee Jaswant akachomoa waya kwa ukuta.

"Wamebadilisha neno bila kuniambia," nikasema.

"Wakuambie wewe nani? Hawajui kama umezaliwa." Lakini alisema polepole, na akaniwekea mkono kwa kichwa, juu ya kile kitambaa nilikuwa nimesahau kutoa. "Ulitaka kumfurahisha mama yako. Sasa enda ukae na yeye."

Tukarudi. Auntie alikuwa amefunga hoteli mchana, kitu sijawahi ona. Alikuwa amejaribu kumpigia Rebeka, simu imezimwa. Akajaribu tena jioni, imezimwa. Hakunigombeza. Alinipa chai. Hiyo chai niliimeza kama misumari.

Jumatatu asubuhi, wateja wa kwanza wameingia, canter, ile lori ndogo, ya viazi ikasimama mbele ya hoteli. Mlango wa abiria ukafunguka, mguu ukashuka, gumboot, halafu ya pili. Auntie Rebeka. Auntie Tabitha alikuwa na mwiko mkononi, akabaki nao hewani.

"Simu yangu umeimaliza moto ya betri," Auntie Rebeka akasema. Hakusalimu. "Mimi sijui kusoma, mjukuu ndiye ananisomea. Ya kwanza nikamwambia futa. Ya pili futa. Ikafika mahali mtoto anasoma huku analia, anasema, shosho, huyu anakuomba kweli. Anasema usikose. Tena usikose. Nikamwambia endelea kusoma. Tumesoma mpaka moto ikaisha. Sijawahi ombwa na mtu hivyo. Hata wale walichoma nyumba yangu, hakuna aliniomba msamaha hata mara moja."

Mimi nilikuwa nyuma ya meza ya chapati, na nikafungua mdomo niseme ukweli, ati ni programu, ati ni OK haikurudi. Auntie Tabitha akaniangalia. Mara moja tu. Nikafunga mdomo.

Auntie Rebeka akamuangalia Musa, ambaye alikuwa amesimama kando ya karai, maji inadondoka kwa mikono.

"Ni wewe Musa?"

"Ni mimi."

Alimpima kutoka juu mpaka chini, muda mrefu, na Musa hakuinamisha kichwa wala hakutabasamu.

"Nimeleta viazi za harusi. Gunia ni mzito."

Musa akaenda akabeba. Na hao dada wawili wakashikana hapo katikati ya meza, mwiko na yote, na nikamsikia Auntie Rebeka akiuliza kwa bega ya mwenzake, "Kwani ulikuwa unatuma mpaka lini, wewe msichana?"

"Mpaka uje," Auntie akamjibu.

Hiyo ndiyo iliokoa ngozi yangu, lakini msinielewe vibaya, si akili yangu. Ilikuwa bahati, na bahati haijengi nyumba mara mbili. Kwa Mama Purity nilienda kuomba msamaha na miguu yangu, na meseji ya kanisa nzima sijatuma tena mpaka leo. Programu naandika bado, na ninaiambia ikikosa jibu ijaribu mara mbili, halafu inyamaze, iniite mimi. Na sipiti tena kwa mlango wa mtu ati kwa sababu hauna soja. Namtafuta mwenyewe, namwandikia na hii Kiingereza yangu ya darasa la nane: Mimi ni Tito wa Nakuru, nataka kutumia kitu yako, nikubalie, na ukibadilisha hata neno moja, tafadhali nijulishe. Wengi hawajibu. Wasipojibu, sijengi.